Meno mengi, breki nzima, na gari haikusimama: kisa cha STI ya Dongo Kundu

Jumamosi ile mvua ilikuwa ya kwanza tangu kaskazi ianze. Wala haikuwa mvua ya kutisha, ni manyunyu ya asubuhi, ya kuamsha harufu ya vumbi na kuiacha lami inang'aa. Kijana mmoja ninayemjua tangu akienda chuoni na juzuu yake mkononi alikuwa anatoka Pwani ya Kusini kuja mjini kwa njia ya Dongo Kundu, kukwepa foleni ya feri. Gari ni Subaru WRX STI ya 2018, aliyoitoa bandarini wiki sita nyuma. Mamake alikaa kiti cha mbele, kushoto.

Mbele yao matatu ikasimama kushusha abiria, nusu ndani ya barabara, nusu nje. Kijana, kwa kauli yake, alikuwa kwenye 80. Akakanyaga breki. Pedali ikaanza kumpiga mguuni tatata, ishara kwamba ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, imeingia kazini. Mwendo ulipungua, lakini matatu ilizidi kukaribia kuliko alivyotarajia. Akaachia breki, akakata usukani kulia kwa nguvu. Pua ikafuata, kisha mkia ukataka kutangulia. Gari ikageuka nyuma mbele na kuparamia reli ya chuma ya kando ya barabara kwa ubavu wa kushoto, upande aliokaa mama. Alivunjika kifundo cha mkono. Kijana alitoka na michubuko. Matatu haikuguswa, na ilikuwa imeshaondoka kabla mtu hajashuka kwenye Subaru.

Nakisimulia kisa hiki kwa idhini yao wote wawili. Nina sababu yangu pia: mimi ndiye niliyeikagua gari hiyo kabla hajailipia. Nilisikiliza injini, nikaingia chini, nikapima rangi kwa kidole na jicho, nikazunguka tairi zote nne. Nilimwambia, "Tairi ni nzuri, mwanangu, meno yote yapo." Maneno hayo yamenikaa rohoni, na ndiyo yaliyonifanya niichambue gari ile tena kipande kwa kipande ilipoletwa gerejini kwangu Tudor juu ya lori la breki dauni.

Watu walikuwa wameshatoa hukumu tatu. Ya kwanza: mwendo. Vijana na Subaru, tena STI, nani atasikiliza maelezo? Ya pili ilitoka kwa marafiki zake: fowili imekufa, maana gari inayovuta kwa magurudumu yote manne haiwezi kuteleza namna ile kwa manyunyu. Ya tatu: mafuta barabarani.

Niliyaanza ya mafuta kwa sababu yana ukweli ndani yake. Miezi ya kaskazi lami hukusanya matone ya oili, dizeli, vumbi na unga wa mpira. Mvua ya kwanza hailisafishi hilo, inalikoroga. Inapaka utando mwembamba unaoteleza kuliko mvua kubwa ya saa nzima, ambayo angalau huosha. Barabara zetu zinazopitisha malori ya kontena ndizo hatari zaidi. Lakini magari mengine yalipita pale pale asubuhi ile, yakapunguza mwendo, yakasimama kumsaidia. Utando ulikuwepo kwa wote.

Breki nilizifungua gurudumu moja moja. Pedi nene, diski hazina mfereji, hakuna kalipa, kile kibano cha pedi, iliyokwama, mafuta ya breki masafi. Na ile tatata ya mguuni inasema jambo muhimu: ABS haiingii mpaka gurudumu lianze kujifunga. Kwa hiyo breki zilikuwa na nguvu ya kutosha kuzidi mshiko wa tairi. Breki zilifanya kazi yake. Kilichokosa ni kitu cha kushika chini.

Fowili nayo ilikuwa nzima. Niliinua gari yote kwenye jeki, nikaweka gia, magurudumu manne yakazunguka bila kelele kwenye difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Hapa ndipo niliposhindwa kwa muda kumwelewesha kijana. Alisimama mlangoni, mkono mfukoni, akasema, "Ami, mimi nimelipa pesa zote hizi kwa sababu ya fowili. Si ndiyo inayoshika barabara?"

La, haishiki. Inasukuma. Asili ya Subaru ya aina hii iko milimani kwenye theluji: kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilitaka gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye nyaya wakati wa baridi, na kutokana na ombi hilo mwaka 1972 ikatoka Leone ya fowili. Shida yao ilikuwa kupanda na kutokwama. Injini ikigawa nguvu yake kwa magurudumu manne, kila moja linabeba sehemu ndogo, kwa hiyo hayazunguki bure kwenye theluji. Kwenye STI ya kijana mgawo wa kawaida wa nguvu ni asilimia 41 mbele na 59 nyuma, na kuna kidude karibu na gia cha kuchagua difu ya kati ikaze kiasi gani. Hayo yote huhusu kwenda. Ukikanyaga breki, kila gari duniani, hata Probox, lina breki nne kwenye magurudumu manne. Fowili haikuongezei ya tano.

Nilimpigia simu mdogo wangu, anaishi Umeå, kaskazini mwa Uswidi, na mwaka wa ngapi huu anaendesha fowili kwenye barafu. Huko sheria inalazimisha tairi za baridi kuanzia Desemba mosi hadi Machi 31 barabara zikiwa na theluji au barafu, na zile zenye misumari zinaruhusiwa. Alinitumia ujumbe wa sauti mrefu, nusu ya maneno ni upepo. Alisema fowili ndiyo iliyomdanganya msimu wake wa kwanza. Taa zikiwa za kijani wenzake wanazungusha magurudumu palepale, yeye anaondoka kama yuko Moi Avenue mchana wa jua. Anasahau yuko juu ya kioo. Anakumbuka kwenye kona, au anapotaka kusimama, na wakati huo mwendo ameshaujenga. Gari dhaifu, alisema, hukuonya mapema, tangu unapotoka nyumbani, kwamba leo kuna utelezi. Yake haimwonyi. Kwa hiyo kila asubuhi, barabara ikiwa tupu nyuma na mbele, anakanyaga breki mara moja akiwa mwendo mdogo, kuiuliza barabara.

Aliniambia na jambo lingine ambalo sikulijua mpaka aliponieleza: barafu mbaya kuliko zote ni ile ya nyuzi karibu na sifuri, kwa sababu juu yake pana maji. Ikishuka hadi 20 chini ya sifuri, barafu inakuwa kavu na tairi linaipata kidogo. Kinachoua ni ule utando wa maji.

Nikatulia na neno hilo, utando wa maji, nikarudi kwenye STI na tochi ya simu.

Tairi lilikuwa na meno marefu kweli. Nikaukagua ubavu wake polepole, kinyume na siku ile ya kwanza nilipoupitia kwa jicho la juu juu. Chini ya jina la kampuni, herufi zimechomoza kutoka kwenye mpira, si za rangi, kwa hiyo lazima uzikamate kwa mwanga wa pembeni: STUDLESS. Kando yake picha ndogo ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima nyota ya theluji. Mwisho wa ile namba ndefu, tarakimu nne ndani ya kiduara: 4021, yaani wiki ya 40 ya mwaka 2021. Wiki ya 40 ni mwanzo wa Oktoba. Tairi lilitoka kiwandani kuisubiri baridi.

Neno lile maana yake ni bila misumari. Zamani Wajapani wa kaskazini walitumia tairi za misumari, zikawa zinachimba lami hadi vumbi lake likawa tatizo la afya mijini, na kwa sheria ya 1990 zikazuiwa. Tairi za baridi zisizo na misumari zikachukua nafasi. Kwa kuwa hazina chuma cha kung'ata, kila kitu kiliwekwa kwenye mpira: laini usiogeuka mgumu kwenye baridi, kwa aina nyingine wenye vitundu vidogo sana vya kunywa ule utando wa maji juu ya barafu, na kwenye kila jino mikato myembamba kama imepitishwa wembe, mamia yake, yenye kupindapinda, ili kingo zake zikwangue. Nikabana jino moja kwa kucha ya dole gumba. Likabonyea, na nilipolisukuma upande, mikato ikafunguka kama kurasa za kitabu. Kwenye mabega ya tairi la mbele kingo zilikuwa zimekunjika na kuchanika, nyuzinyuzi za mpira zimelala upande mmoja. Hapo ndipo gari lilipojaribu kusimama.

Fikiria jino hilo kwenye lami ya Mombasa. Watengenezaji hutaja nyuzi 7 za Selsiasi kuwa mpaka: chini ya hapo tairi la baridi, juu ya hapo tairi la kawaida. Sisi hata usiku wa Julai, watu wakivaa sweta, hatufiki karibu na 7. Mpira uliotengenezwa ubaki laini kwenye barafu, hapa unakuwa kama mkate uliochovywa chai. Kwenye breki kali jino linajikunja, sehemu tu ya uso wake ndiyo inayobaki chini, nalo linapepesuka badala ya kushika. Kwenye ukavu dereva huhisi kidogo tu: usukani unachelewa, kona ina ulegevu. Kijana aliniambia alihisi hivyo tangu wiki ya kwanza akadhani ndiyo tabia ya gari. Ukija unyevu na ule utando wa kaskazi, kinachobaki hakitoshi.

Nilitaka kuhakikisha, si kukisia. Rafiki yangu ana STI ya umri huohuo yenye tairi za kawaida. Jumapili ya mvua tuliipeleka kwenye uwanja wa malori ulio mtupu, tukaweka alama ya chokaa, akaingia na 50 na kukanyaga breki kwenye alama. Mara tatu. Kisha tukafunga zile nne za kijana, dereva yuleyule, mwendo uleule. Kila mara ilipita pale iliposimama mwanzo kwa karibu urefu wa gari nzima. Mtu anaweza kuona ni kidogo. Kwenye Dongo Kundu urefu wa gari moja ndio uliokuwa tofauti kati ya kusimama nyuma ya matatu na kukata usukani. Tena hiyo ni 50. Umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwenye 80 ule upungufu unazidi mara mbili na nusu.

Hesabu yenyewe inafaa kuonekana. Kwenye lami kavu na tairi zuri, gari la 80 linahitaji kama mita 31 tangu breki zishike. Lami iliyolowa, kama mita 50. Barafu, kama mita 250. Na kabla ya mguu kufika kwenye breki, sekunde moja ya kushtuka imeshakula mita 22. Ndiyo maana siiondoi hukumu ya kwanza, ya mwendo. 80 kwenye manyunyu ya kwanza ya msimu, na mamako kando yako, ni mwendo mkubwa, na nilimwambia hivyo bila kumzungukazunguka. Lakini 80 kwa tairi lililofaa angesimama. Nakataa kumbebesha kijana mzigo wote wakati wauzaji walimsifia tairi za Japani na fundi wake akaitikia.

Lile la kukata usukani nalo linahitaji maelezo, kwa sababu wengi wangefanya vilevile. Gari likiwa kwenye breki uzito wote umeinamia mbele na mkia ni mwepesi. Alipoachia breki ghafla na kukata, tairi za mbele zilipata mshiko kwa mara moja, za nyuma hazikuwa nao. Mkia ukaserereka. Fowili haikuzuia hilo, na kwa mwendo ule isingezuia. Mdogo wangu alisema kwenye barafu wanafundishwa kutazama pale wanapotaka kwenda, si kile wanachokiogopa, na kuugeuza usukani taratibu kuelekea upande mkia unakokwenda. Alisema inachukua misimu mpaka mkono uzoee. Kijana alikuwa na gari hiyo wiki sita.

Turudi kwenye kosa langu. Siku ya ukaguzi, nikiwa chini ya gari, niliona nati za ekzosi zimelika na kutu yenye magamba, na ndani ya mikunjo ya chuma pana weupe uliokauka. Nikajua mara moja: gari imetoka nchi ya theluji, kule wanakomwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Nilimwambia asafishe chini na apake dawa ya kutu, nikajiona nimefanya kazi. Nilikuwa na jibu mkononi, lakini sikuuliza swali lililofuata: kama gari imetoka kwenye theluji, na iliuzwa mnadani wakati wa baridi, ilikuwa imevaa nini miguuni? Magari ya namna hiyo hushuka Kilindini na tairi zake za baridi, maana aliyeiuza huko hana haja ya kumbadilishia mtu wa mbali. Hapa tunazitazama, meno marefu, tunafurahi. Tumezoea kuogopa kipara tu.

Tangu siku hiyo tochi yangu huanzia ubavuni mwa tairi kabla ya boneti kufunguliwa. Natafuta lile neno, natafuta mlima wenye nyota ya theluji, nasoma wiki na mwaka, kisha nabana jino kwa kucha. Alama ya M+S, yaani matope na theluji, peke yake hainitishi, ipo hata kwenye tairi nyingi za magari makubwa ya njia mbovu. Na mlima wenye nyota unaweza kuwa kwenye tairi la misimu yote. Ndiyo maana kucha na ile mikato ya wembe hunisemea zaidi kuliko alama. Mtu akiwa amenunua gari tayari na hana pesa za tairi leo, namwambia atembee polepole na aiache nyumbani ikinyesha.

Kijana alipokuja kununua alitaka mbili tu, za mbele, "za nyuma nitamalizia mwezi ujao, ami." Nilikataa kumfungia. Mbili mpya zenye mshiko mbele na zile laini nyuma, angekuwa ananunua mserereko uleule wa mkia. Juu ya hayo, fowili inataka tairi nne zenye mzunguko sawa. Zikitofautiana, difu ya kati inafanya kazi ya kusawazisha kila mita, hata kwenye barabara iliyonyooka, inapata moto na kula meno yake mpaka inakufa. Tuliongea mpaka adhuhuri. Mamake, mkono kwenye plasta, ndiye aliyemaliza kwa kutoa pesa ya zile mbili kwenye kibeti chake na kuiweka juu ya meza ya spana bila kusema neno.

Zilibaki zile nne za zamani zimeegemezwa ukutani. Jirani yangu wa pancha alizipitia, akapitisha kiganja kwenye meno, akaniambia ana mteja wa Bamburi tayari, mwenye Forester. Bei yake haikuwa mbaya. Nilichukua msumeno wa chuma nikazikata mbavu, moja baada ya nyingine, yeye akitazama.